Lugha ya Makutano: Utangulizi wa Uhandisi wa Mifumo kwa Mfano wa Reli za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua misingi ya uhandisi wa mifumo na usimamizi wa mzunguko wa maisha wa mifumo changamani kwa watafiti na washauri wa sera ambao si wahandisi. Mfano mkuu ni mtandao wa reli wa Afrika Mashariki, tangu njia za enzi ya ukoloni hadi reli za kisasa zinazojengwa sasa. Hoja kuu ni kwamba mfumo mkubwa mara nyingi hushindwa mahali sehemu zake zinapokutana, na kwamba makutano hayo hujengwa kwa sentensi kabla ya kujengwa kwa chuma na zege. Kwa sababu hiyo, namna tunavyoandika matakwa ya mfumo kwa Kiswahili, na lugha inayotumika kuuendesha mpakani, ni masuala ya usalama na ya fedha za umma, wala si mapambo ya nyaraka. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo manne kwa watunga sera wa kanda.

1.0 Utangulizi

Mnamo Oktoba 2024, Serikali ya Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya umeme yenye urefu wa kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Ng'ambo ya mpaka, reli ya kisasa ya Kenya ilianza kusafirisha abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikafika Naivasha mwaka 2019, na treni zake huendeshwa kwa dizeli. Upana wa njia hizi mbili ni uleule: milimita 1,435. Mtu anayetazama ramani ataona kwamba kilichobaki ni kuziba pengo lililoko kati ya Naivasha na Malaba. Mhandisi wa mifumo, kwa upande wake, ataona kwamba maswali ndiyo kwanza yanaanza. Injini ipi itavuta shehena baada ya Malaba? Je, behewa lililopakiwa kontena juu ya kontena litapita chini ya nyaya za umeme? Mfumo wa ishara wa upande mmoja utaitambua treni ya upande wa pili? Treni ikikwama katikati ya mpaka, ni nani mwenye mamlaka ya kutoa amri, na ataitoa kwa lugha gani?

Maswali ya namna hii ndiyo kiini cha taaluma inayoitwa uhandisi wa mifumo. Ni taaluma ambayo imeandikwa kwa wingi katika lugha nyingine, lakini kwa Kiswahili bado haijafafanuliwa vya kutosha kwa wale wanaowashauri watoa maamuzi. Mwandishi wa makala haya ni mtafiti wa lugha, si mhandisi. Aliingia katika uwanja huu kwa mlango wa pembeni, alipoombwa kusanifu rasimu ya Kiswahili ya mwongozo wa mradi mmoja wa miundombinu. Katika rasimu hiyo, kitenzi "inaweza" kilitumika kwa maana tatu tofauti ndani ya ukurasa mmoja, na wataalamu waliokuwapo hawakuafikiana ni ipi kati ya hizo ilikuwa na nguvu ya kumbana mkandarasi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mgogoro uliodhaniwa kuwa wa kiufundi ulikuwa, kwa hakika, wa kisarufi.

Makala yana sehemu saba. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inafafanua dhana za msingi. Ya tatu inaeleza mzunguko wa maisha wa mfumo. Ya nne inachunguza makutano. Ya tano inajadili matakwa kama sentensi. Ya sita inahusu lugha ya uendeshaji. Na ya saba ni hitimisho na mapendekezo.

2.0 Mfumo na uchangamani

Mfumo ni mkusanyiko wa sehemu zinazotegemeana ambazo, zikiwa pamoja, hutimiza jambo ambalo hakuna hata moja kati yake iwezayo kulitimiza peke yake. Behewa halisafirishi mzigo. Injini haisafirishi mzigo. Hata njia ya reli, pamoja na mataruma na madaraja yake, haisafirishi mzigo. Usafirishaji hutokea pale ambapo vitu hivi vinapounganishwa na ratiba, wafanyakazi, mafuta au umeme, kanuni za usalama, mikataba na malipo. Kwa hiyo watu, taratibu na maneno ni sehemu za mfumo kama zilivyo nati na bolti.

Ni muhimu kutofautisha mfumo tata na mfumo changamani. Saa ya mkono ya kizamani ni tata: ina vipande vingi vidogo, lakini fundi akivijua vyote anaweza kutabiri jinsi saa itakavyokwenda. Mtandao wa reli ni changamani: mwenendo wake hautabiriki kwa kukijua kila kipande peke yake, kwa sababu vipande huathiriana, mazingira hubadilika, na watu waliomo hujifunza, huchoka na hufanya maamuzi. Sifa zinazojitokeza katika uzima wa mfumo bila kuonekana katika kipande kimoja huitwa sifa ibuka. Usalama ni sifa ibuka. Hakuna breki iliyo "salama" yenyewe. Kuna breki inayofaa kwa uzito fulani, kwenye mteremko fulani, mikononi mwa dereva aliyefundishwa, chini ya kanuni inayoeleweka.

Uhandisi wa mifumo, basi, ni utaratibu wa kufikiri na kufanya kazi unaoutazama mfumo mzima, tangu haja iliyousababisha hadi siku utakapoondolewa katika matumizi. Jina la taaluma hii huhusishwa na maabara za simu za Bell nchini Marekani katika miaka ya 1940, na taaluma yenyewe ilikomaa katika miradi ya makombora na ya anga za juu iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1990 wataalamu wake walianzisha chama nchini Marekani, ambacho mwaka 1995 kilichukua sura ya kimataifa na kuitwa INCOSE. Kiwango cha kimataifa kinachoongoza michakato ya mzunguko wa maisha wa mifumo, ISO/IEC/IEEE 15288, kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na toleo lake la sasa ni la mwaka 2023. Kiwango hicho hugawa michakato katika makundi manne: ya makubaliano baina ya anayetoa na anayepokea, ya taasisi inayowezesha miradi, ya usimamizi wa kiufundi, na ya kiufundi yenyewe. Inafaa msomaji azingatie kwamba makubaliano yamewekwa ndani ya uhandisi, hayakuachiwa wanasheria peke yao.

3.0 Mzunguko wa maisha wa mfumo

Katika utaratibu unaotumika sana, maisha ya mfumo hugawanywa katika hatua sita: kubuni wazo, kusanifu na kuendeleza, kuzalisha au kujenga, kutumia, kutunza, na kuondoa. Hatua hizi si ngazi za kupanda moja baada ya nyingine. Kutumia na kutunza huenda sambamba, na mara nyingi mfumo mkongwe hurudishwa kwenye hatua ya wazo ili ufikiriwe upya. Umuhimu wa mgawanyo huu ni kwamba unamlazimisha mtoa maamuzi kuziona hatua ambazo hazina sherehe ya uzinduzi. Historia ya reli zetu inatoa mafunzo matatu.

Funzo la kwanza linahusu hatua ya wazo. Uamuzi wa mwanzo hugharimu kidogo kuufanya, lakini hugharimu sana kuubadilisha. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, kwa geji ya mita moja. Geji ni upana ulioko baina ya reli mbili za njia moja. Wajerumani nao, walipojenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi Kigoma mwaka 1914, walitumia geji hiyohiyo. Hawa walikuwa washindani wa kikoloni, si washirika. Hata hivyo, ulinganifu huo uliwawezesha Waingereza, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuiunganisha njia yao ya Voi na ile ya Kijerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Kwa upande mwingine, TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilichukua geji ya milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwani nia ilikuwa kuipatia Zambia njia ya kufika bahari ya Hindi. Lakini uliweka tofauti ya milimita 67 kati yake na reli nyingine za Tanzania, na nusu karne baadaye tofauti hiyo bado ipo.

Funzo la pili linahusu hatua za kutumia na kutunza. Hizi ndizo ndefu kuliko zote. TAZARA ilijengwa kwa takriban miaka mitano. Imetumika kwa zaidi ya miaka arobaini na mitano. Mnamo Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya maelewano kuhusu kuifufua. Neno "kufufua" lina ukweli mchungu ndani yake: mfumo haufi siku moja. Huanza kufa siku ambayo bajeti ya vipuri, mafunzo na ukaguzi inaonekana kuwa kitu kinachoweza kusubiri mwaka ujao.

Funzo la tatu linahusu hatua ya kuondoa, ambayo ndiyo hupuuzwa zaidi. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli lilivunjika nalo, na mali zake zikagawanyika kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Makubaliano ya mwisho kuhusu mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa saini Arusha mwaka 1984. Miaka saba ilipita nchi wanachama zikijadiliana jinsi ya kumaliza kile zilichokuwa nacho. Mfumo wowote wa pamoja unaoanzishwa leo bila kueleza jinsi utakavyomalizwa au kurithiwa unajiandalia miaka saba ya namna hiyo.

4.0 Makutano: mahali mfumo unapojaribiwa

Katika Kiswahili cha kompyuta, neno "kiolesura" limezoeleka kwa maana ya sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona. Kwa dhana pana ya mahali ambapo sehemu mbili za mfumo hukabidhiana kitu, iwe nguvu, mzigo, taarifa au madaraka, makala haya yanatumia neno "makutano". Sababu ni mbili: neno hili linaeleweka kwa kila mtu aliyewahi kusimama kwenye njia panda, na linakumbusha kwamba wanaokutana ni wawili, kila mmoja na mwenyewe wake.

Makutano hudai uangalifu wa pekee kwa sababu mara nyingi hayana mwenyewe mmoja. Kila kundi hushughulikia sehemu yake kwa bidii na kuamini kwamba upande wa pili umeelewa. Mfano unaojulikana sana ni wa chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilichorushwa Desemba 1998 na kupotea Septemba 1999 kilipofika kwenye sayari ya Mihiri. Programu ya upande mmoja ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni na sekunde. Programu ya upande wa pili ilizipokea kana kwamba ziko katika vipimo vya metriki, yaani nyutoni na sekunde. Tofauti ilikuwa mara 4.45. Chombo kilikaribia sayari kikiwa chini mno kuliko ilivyokusudiwa, kikapotea. Jambo la kutilia maanani ni kwamba waraka wa makutano ulikuwapo, na ulitaka vipimo vya metriki vitumike. Sentensi sahihi ilikuwa imeandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba inatiiwa.

Katika kanda yetu, makutano huonekana kwa macho. Kule Kidatu, mkoani Morogoro, reli ya geji ya mita moja hukutana na TAZARA, na katika miaka ya 1990 pakajengwa kituo cha kuhamishia shehena kutoka behewa moja hadi jingine. Kituo hicho ni suluhisho, lakini pia ni gharama ya kudumu inayolipwa kwa muda, kazi na mitambo kila mzigo unapovuka. Katika ziwa Victoria, meli za kubeba mabehewa kama MV Umoja ya Tanzania, MV Uhuru ya Kenya na MV Kaawa ya Uganda ziliundwa ili behewa liingie melini kwa magurudumu yake lenyewe upande mmoja na kutoka upande wa pili, kati ya bandari kama Mwanza, Kisumu na Port Bell. Hili liliwezekana kwa kuwa geji ya bandari zote ilikuwa moja. Reli ya kisasa yenye milimita 1,435 itakapofika Mwanza, mabehewa yake hayataweza kuingia kwenye reli za melini zilizotengenezwa kwa geji ya mita moja. Ama meli zibadilishwe, ama kontena zihamishwe kwa winchi, ama njia ya ziwa iachwe. Lolote litakalochaguliwa, ni heri lichaguliwe kwa makusudi kuliko kugunduliwa gatini.

Hata pale geji inapolingana, kama itakavyokuwa Malaba, ulinganifu huo ni mmoja tu kati ya mengi. Aina ya nishati, uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli, urefu wa treni, aina ya vifungio vya mabehewa, shinikizo la breki, mfumo wa ishara, masafa ya redio, kanuni za kazi na leseni za madereva: kila kimoja ni makutano yanayohitaji waraka wake, mwenyewe wake na siku yake ya kujaribiwa.

5.0 Matakwa ni sentensi

Mfumo huanza kama haja ya watu: wakulima wanataka mazao yafike sokoni kabla hayajaoza, wafanyabiashara wanataka kujua siku ya kupokea mizigo. Haja hizi, ambazo tunaweza kuziita mahitaji ya wadau, huwa pana na wakati mwingine zinapingana. Kazi ya uhandisi wa mifumo ni kuzigeuza kuwa matakwa, yaani kauli fupi, bayana, zinazoweza kupimwa na zenye nguvu ya kubana. Kiswahili cha sheria kinalijua neno hili tunaposema "matakwa ya sheria". Kutoka mahitaji hadi matakwa ni safari ya kilugha, na hapa ndipo mwanaisimu ana kazi ya kufanya.

Viwango vya kimataifa hutenganisha aina nne za kauli: ya lazima, ya ushauri, ya ruhusa na ya uwezekano. Kwa Kiswahili, mipaka ya kauli hizi hufifia. Tuchukue sentensi: "Treni ya mizigo inaweza kusimama Kidatu." Sentensi hii ina maana ya kwamba treni ina uwezo wa kiufundi wa kusimama, au imeruhusiwa kusimama, au huenda ikasimama? Zote tatu ni sahihi kisarufi. Vivyo hivyo, "inapaswa" kwa msomaji mmoja ni amri, na kwa mwingine ni ushauri mzuri. Katika mazungumzo, muktadha hutuokoa. Katika mkataba wa miaka thelathini, watu walioujua muktadha watakuwa wamestaafu.

Makala haya yanapendekeza mgawanyo rahisi usiohitaji msamiati mpya. "Sharti" litumike kwa lazima pekee. "Inashauriwa" itumike kwa ushauri. "Inaruhusiwa" itumike kwa ruhusa. "Ina uwezo wa" itumike kwa uwezo wa kiufundi, na "huenda" kwa jambo linaloweza kutokea. Kitenzi "inaweza" kiachwe nje ya nyaraka za matakwa, si kwa kuwa ni kibaya, bali kwa kuwa kina kazi nyingi mno.

Tatizo la pili ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Nyaraka zetu zimejaa sentensi kama hii: "Miundombinu itatunzwa ipasavyo." Nani atatunza? Kila baada ya muda gani? "Ipasavyo" ni kipimo kipi? Sentensi hii haiwezi kukiukwa, kwa hiyo haiwezi pia kutekelezwa. Tuilinganishe na hii, ambayo takwimu yake ni ya mfano tu: "Msimamizi wa njia sharti akague kila kipande cha reli kilicho chini yake angalau mara moja katika kila siku 30, na aandike matokeo katika daftari la ukaguzi siku hiyohiyo." Sasa kuna mtenda, tendo, kipimo, muda na ushahidi. Mkaguzi wa hesabu za serikali, asiyejua lolote kuhusu reli, anaweza kulifungua daftari na kuona kama sentensi imetiiwa.

Hapa pana haja ya kutenganisha istilahi mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Uhakiki hujibu swali: Je, tumekijenga kitu jinsi tulivyoandika? Uthibitishaji hujibu swali: Je, tulichokiandika ndicho watu walichokihitaji? Chombo cha Mihiri kilikosa uhakiki, kwani kauli ilikuwapo lakini haikufuatwa. Roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliyolipuka Juni 4, 1996 kabla ya kutimiza sekunde 40 angani, ni mfano wa upande wa pili. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri. Lakini Ariane 5 iliongeza kasi kwa namna tofauti, na tarakimu moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Programu ilifuata kauli zilizoandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine. Hili ni onyo kwa kila anayenakili matakwa ya mradi wa nchi jirani, au ya bara jingine, na kubadilisha jina la nchi tu.

6.0 Lugha ya uendeshaji

Mfumo ukishajengwa, huendeshwa kwa maneno. Mnamo Machi 27, 2001, nchini Ubelgiji, dereva wa treni iliyokuwa tupu alipita ishara nyekundu kwenye kituo cha Wavre na kuingia katika njia isiyo yake. Mwongozaji wa ishara wa Wavre, msemaji wa Kifaransa, alimpigia simu mwenzake wa Leuven, msemaji wa Kiholanzi. Hawakuelewana. Treni hiyo iligongana na treni ya abiria huko Pécrot, na watu wanane walipoteza maisha. Reli ilikuwa nzima, simu ilifanya kazi, na watu wote wawili walikuwa kazini. Makutano yaliyovunjika yalikuwa ya lugha. Leo, kanuni za Umoja wa Ulaya kwa kawaida humtaka dereva wa treni awe na kiwango cha B1 katika lugha ya msimamizi wa miundombinu anayoipita.

Suala hili linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa ujenzi wa reli kutoka Uvinza hadi Musongati. Upande mmoja, kazi za ofisi hufanywa kwa Kiswahili na Kiingereza. Upande wa pili, kwa Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kinasikika pande zote mbili, na kwa hiyo ndicho kinachoelekea kutumika redioni, hata kama hakuna waraka utakaosema hivyo. Hatari imo humo: lugha inayotumika bila kuandikiwa kanuni huleta mazoea ya kila kituo mahali pa kiwango kimoja.

Mfano mmoja unatosha. Tuseme treni itafika mpakani saa 10:00 kwa saa ya Tanzania. Mtanzania atasema "saa nne asubuhi". Burundi iko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo kwa saa ya huko ni 09:00. Mrundi anayesema Kiswahili au Kirundi ataita muda huo "saa tatu", naye mwenzake aliyezoea ratiba ya Kifaransa ataita saa ya 9. Tukio moja, nambari nne: 10, 4, 9 na 3. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Huu ni mfano wetu wa pauni na nyutoni, tofauti ikiwa kwamba hapa kuna abiria. Dawa yake si kuwakataza watu saa ya Kiswahili, ambayo ina mantiki yake na historia yake. Dawa ni kanuni fupi: katika ratiba na amri zote za uendeshaji, saa sharti itajwe kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24, ikifuatiwa na jina la nchi ambayo saa yake inatumika. Waendeshaji wa TAZARA, ambao treni zao huvuka mpaka wa namna hii kati ya Tunduma na Nakonde, wana uzoefu wa miongo mingi unaostahili kukusanywa na kuandikwa kabla wenye nao hawajastaafu.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameeleza kwamba uhandisi wa mifumo ni namna ya kuutazama mfumo mzima katika maisha yake yote, kwamba udhaifu mkubwa wa mifumo ya kikanda umo katika makutano, na kwamba makutano huandikwa kwanza. Kutokana na maelezo hayo, yanatolewa mapendekezo manne.

Kwanza, kila mradi wa miundombinu unaovuka mpaka uwe na orodha ya makutano, na kila makutano yawe na taasisi moja inayowajibika, hata kama sehemu zinazokutana ni za nchi mbili. Orodha hiyo itangulie mkataba wa ujenzi, isiufuate.

Pili, andiko la mradi lisikubaliwe mpaka lieleze hatua zote sita za maisha, pamoja na chanzo cha fedha za kutunza na utaratibu wa kuuondoa au kuugawa mfumo.

Tatu, matoleo ya Kiswahili ya nyaraka za matakwa yafuate mgawanyo bayana wa kauli za lazima, ushauri, ruhusa na uwezo. Tangu SADC ilipokipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na Baraza la Mawaziri la Uganda kukiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, nyaraka kama hizi zitaongezeka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina nafasi nzuri ya kusimamia mwongozo wa pamoja.

Nne, wanaisimu waalikwe mezani katika hatua ya wazo, si katika hatua ya tafsiri. Tafsiri inayofanywa baada ya mkataba kutiwa saini inaweza tu kuuhamisha utata kutoka lugha moja hadi nyingine.

Pengo la Malaba bado linaweza kufungwa vizuri, kwa kuwa kwa sehemu kubwa bado liko kwenye karatasi. Kurekebisha sentensi leo ni kazi ya alasiri moja. Kuirekebisha baada ya zege kukauka ni kazi ya kizazi kizima, kama tofauti ya milimita 67 inavyoendelea kutufundisha kule Kidatu.